Kilo 150 za Maganda

Mwaka 2014 mimi na baba wa mwanangu tuliandikishana kwa mtendaji wa kijiji: shilingi 30,000 kila mwezi, matunzo ya mtoto mmoja wa miaka mitatu. Tulisaini, wazee wawili wakaweka dole gumba, karatasi ikapigwa muhuri. Nilitoka pale nimeridhika. Ilinichukua miaka mitano kujiuliza jambo lililopaswa kuulizwa siku ileile: hiyo 30,000 ilitoka wapi?

Naikumbuka ilivyopatikana. Yeye alianza na 15,000 akasema hali ni ngumu. Mimi nikataja 50,000 kwa sababu dada yangu aliyekuwa Bukoba aliniambia nisishuke hapo. Mzee mmoja akasema, "Wanangu, msivutane, kutaneni katikati." Mwenzake akasema katikati ni 30,000. Basi, ikawa. Hakuna aliyeuliza mtoto anakula nini, analala juu ya nini, au ataanza shule lini. Hakuna aliyemuuliza baba yake anapata kiasi gani, wala mimi sikuulizwa. Tulimpangia mtoto kwa kukaribiana, kama wanaouziana mbuzi.

Tangu wakati huo nimekaa katika vikao vingi vya namna hiyo, safari hizi nikiwa msaidizi wa kisheria, zaidi upande wetu wa Kyerwa, mkoani Kagera, na mara nyingine Karagwe. Hiyo 30,000 nimeikuta vijiji vingi. Nimeikuta kwa baba mwenye duka la jumla Omurushaka na kwa kijana anayepasua kuni. Nimeikuta kwa mtoto mmoja na kwa watoto watatu. Imekuwa kama kimo cha mlango: kila mtu anapita humohumo, mrefu na mfupi.

Nieleze kwanza nyumbani, kwa sababu hesabu yote inaanzia hapo. Nilipozaliwa, Kyerwa ilikuwa bado ndani ya Karagwe. Wilaya yetu ilianzishwa mwaka 2012. Maisha ya kule ni kibanja: migomba, chini yake mikahawa ya robusta, na maharage pale yanapopata nafasi. Ndizi zipo karibu mwaka mzima, lakini fedha haiji mwaka mzima. Kahawa huanza kuchumwa Mei na mavuno yake hufika hadi Septemba. Maharage huvunwa mara mbili, karibu na Januari na karibu na Juni. Machi na Aprili mifuko ni mikavu, na Oktoba na Novemba ni hivyohivyo, hata kama kibanja ni kijani kiasi cha kumfanya mgeni aone wivu. Mahali kama hapo ndipo tulipoandika "kila mwezi".

Nilikuwa na kaunta buku. Kila alicholeta nilikiandika, tarehe na kiasi. Mwaka 2016 alilipa Januari, halafu Juni, Julai, Agosti na Septemba. Miezi mitano kati ya kumi na miwili. 150,000 kati ya 360,000. Kwa muda mrefu niliutumia ukurasa ule kuwaonyesha watu kwamba ni mwongo. Kuna kipindi kweli alikuwa mwongo. Lakini siku moja niliutazama ukurasa bila hasira nikaona kilichokuwa wazi siku zote: miezi aliyolipa ilikuwa miezi ya mavuno. Alikuwa akilipa kwa msimu, na mkataba wetu haukuujua msimu.

Mama yangu aliposikia habari hiyo hakushangaa. Yeye na taata, baba yangu, waliachana nikiwa mtoto, miaka ya themanini, na wazee wa ukoo hawakutaja fedha kabisa. Walikwenda shambani, wakahesabu mikahawa, wakasema mistari hii miwili, miti thelathini na sita, ni ya matunzo ya mtoto mpaka atakapoolewa. Mama alikuwa anaingia kwenye shamba la mtu aliyemwacha, anachuma, anaanika, anapeleka chama cha msingi, anarudi na sare yangu. Sikuwahi kuona aibu kwa hilo. Nilidhani kila mtoto ana mistari yake.

Mfumo ule ulikuwa na ufa wake. Mwaka mmoja taata aliiuza ile mistari kwa butura. Wasomaji wa kwetu wanalijua neno hilo. Wengine niwaeleze: mkulima anamuuzia mtu kahawa ikiwa bado ua mtini, kwa bei ya shida, na ikiiva mnunuzi anakuja kuchuma. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, nayo bado ipo. Mama alifika na kikapu chake akakuta vibarua wa mtu mwingine wako juu ya miti. Mwaka ule nilivaa sketi ya binamu yangu, na wazee walimtoza taata mbuzi. Mbuzi alikuja, muhula wa shule ulikuwa umeshapita.

Hata hivyo, nimeilinganisha ile mistari miwili na kile ambacho sheria ya nchi ilikuwa ikitoa miaka hiyohiyo. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alitegemea sheria iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni, na sheria hiyo ilikuwa na kikomo: hakimu hakuweza kuamuru zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi. Mia moja. Shilingi ilishuka thamani mwaka hadi mwaka, ile mia ikabaki palepale kwenye kitabu mpaka Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilipoiondoa sheria hiyo. Kuna wanawake waliotembea hadi mahakamani, wakashinda kesi, wakarudi na amri isiyotosha nauli waliyokwenda nayo. Mikahawa ya mama haikuwahi kumfanyia hivyo. Bei ikipanda, sehemu yangu ilipanda nayo. Ikishuka, taata naye alikuwa ameshuka. Kiasi kilichoandikwa kwa shilingi huanza kuliwa siku kinapopigwa muhuri.

Mafunzo ya usaidizi wa kisheria niliyapata baada ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kututambua watu wa aina yetu. Nilifika nikitegemea kufundishwa kiasi. Nilikuwa na hakika serikali ina jedwali mahali fulani: mtoto wa umri huu, kiasi hiki. Jedwali hilo halipo. Kilichopo ni kifungu cha 44 cha Sheria ya Mtoto, kinachomtaka hakimu atazame kipato na mali za wazazi wote wawili; kama kuna jambo lililopunguza uwezo wa mwenye wajibu kujipatia riziki; mzigo alionao wa watoto wengine; gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi; na haki za mtoto zilizotajwa na sheria hiyohiyo. Nilivunjika moyo. Nilitaka kiasi, nikapewa maswali.

Baadaye nilijifunza kwamba wenzetu wengine wanacho hicho kiasi. Uingereza wana chombo cha serikali kinachokokotoa: mzazi asiyeishi na mtoto mmoja hutozwa asilimia 12 ya kipato chake cha wiki kabla ya kodi, watoto wawili asilimia 16, watatu au zaidi asilimia 19, kwa kipato cha kati ya pauni 200 na 800 kwa wiki. Ujerumani wana jedwali linaloitwa kwa jina la mji wa Düsseldorf, lililoanza mwaka 1962, nalo hupanga kiasi kwa umri wa mtoto na kipato cha mzazi. Nilivitamani sana. Lakini asilimia inahitaji kitu cha kukatwa. Mwalimu wa shule ya msingi ana karatasi ya mshahara. Ukikaa naye, kikao kinakwisha mapema, na mahakama ikiamua inaweza kuagiza makato yaanzie kwenye mshahara. Mkulima wa Kaisho hana karatasi hiyo. Ana mikahawa, ana migomba ambayo pengine imepigwa na mnyauko, ana pikipiki ya mtu. Asilimia 12 ya nini?

Kwa hiyo niliketi usiku mmoja mwaka 2019, mtoto akiwa na miaka minane, nikageuza kaunta buku upande wa nyuma na kuanza na yeye badala ya kuanza na baba yake. Mwaka mzima, siyo mwezi. Sare mbili, sweta, viatu na begi: 75,000. Madaftari, kalamu na karatasi za mitihani ya majaribio: 40,000. Ada ilikuwa imefutwa, lakini chakula cha mchana shuleni kinatoka kwa wazazi, kwa hiyo mahindi, maharage na hela ya mpishi: 60,000. Matibabu: 40,000. Sabuni, mafuta ya kupaka, kunyoa, nguo za nyumbani: 90,000. Godoro, blanketi na chandarua hazinunuliwi kila mwaka, nikazigawa kwa miaka zinayodumu: 30,000. Kilichobaki kilikuwa kitoweo, mafuta ya kupikia, chumvi, sukari, na unga wa siku ambazo mkungu haujakomaa. Niliweka 1,000 kwa siku, ikawa 365,000 kwa mwaka. Jumla 700,000.

Nikakumbuka kusoma tena kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto, kile kinachotaja anachostahili mtoto kwa mzazi wake: chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na malezi. Mwishoni kinataja kucheza na kupumzika. Nilikuwa nimeandika kila kitu isipokuwa hilo. Mwanangu alikuwa anacheza mpira wa majani ya migomba aliousuka mwenyewe. Nikaongeza 10,000. Ikawa 710,000.

Nusu yake ni 355,000. Ile 30,000 ya wazee ukiizidisha kwa miezi kumi na miwili ni 360,000. Nilikaa nikiitazama hesabu ile kwa muda mrefu. Miaka yote nilikuwa nimeamini kiasi chenyewe ndicho kibaya, kumbe kwa bahati kilikuwa karibu na nusu ya gharama. Ubaya ulikuwa kwamba hakuna aliyejua ni nusu ya nini, kwa hiyo hakuna aliyeona hasara miezi saba ilipopita bila kitu. Mtu akikosa kulipa 30,000 anasema nimekosa hela. Akijua kwamba hiyo ilikuwa chakula cha mchana cha muhula mzima, lazima aseme neno jingine.

Tena nusu yenyewe siyo haki kila mahali. Nusu kwa nusu inasikika vizuri mdomoni. Mimi nilikuwa na cherehani, nauza ndizi na magunia mawili ya maharage. Mwaka ule nilipata kama 600,000 taslimu. Yeye alikuwa anaendesha pikipiki ya tajiri, na siku nzuri akitoa hesabu anabaki na 4,000. Juu ya hapo ana kahawa. Ukiyajumlisha alikuwa na karibu milioni mbili. Lakini alikuwa ameoa tena na ana watoto wawili wadogo, nao ni ndugu wa mwanangu. Sheria inawataja, na dhamiri yangu inawataja pia. Kwa upande wangu kulikuwa na ndizi za kibanja cha mama, maziwa ya ng'ombe mmoja, maji, kuni, na usiku wa kukaa macho mtoto akiwa na homa. Nilijaribu kuutia bei usiku ule. Nikachukua ujira wa kibarua, nikaugawa kwa saa, nikaacha. Badala yake niliandika kwa maneno, mstari kwa mstari, kila kazi ninayoifanya, ili siku ya kikao asitokee mtu wa kusema kwamba mama hachangii.

Mimi na baba wa mtoto tulikwenda Ustawi, ofisi ya ustawi wa jamii. Kwetu watu wanasema "nitakupeleka Ustawi" kama wanavyosema nitakupeleka polisi, na hilo linawaogopesha akina baba bila sababu. Afisa ustawi wa jamii tuliyempata alikuwa mtaratibu. Alisoma kurasa zangu zote, kisha akamgeukia mwenzangu: "Baba, na wewe una daftari?" Hakuwa nalo. Akamwambia ataje kwa kichwa.

Alianza kutaja. Viatu vya Krismasi miaka miwili. Sukari na samaki kila alipotoka Bukoba. Usiku wa masika alipomfunga mtoto mgongoni kwa shuka na kumkimbiza kwa pikipiki hadi hospitali ya Nyakahanga, akalipa damu na dawa, akalala kwenye benchi nje ya wodi. Nilijua yote ni kweli. Nami nilikuwa sijaandika hata moja. Daftari langu, ambalo nilikuwa nalionyesha kwa kila mtu kama ushahidi wa kweli, lilikuwa la upande mmoja, na nililifanya hivyo kwa kujua, kwa sababu nilitaka lishinde. Afisa hakunigombeza. Alichora mstari katikati ya ukurasa mpya akanirudishia kalamu.

Hilo ndilo jambo la kwanza ninalowafundisha wanaonijia sasa, akina mama na akina baba: daftari lenye safu mbili. Fedha, na vitu. Aliyeleta, na aliyepokea. Mahakamani lina uzito kuliko machozi, na nyumbani linazuia ugomvi mwingi kabla haujazaliwa.

Makubaliano yetu ya mwaka ule yalikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza, 25,000 kila mwezi kutoka kwenye pikipiki, kwa sababu pikipiki inatoa kila siku. Ya pili nilipendekeza mimi, nikiikumbuka mistari ya mama: kilo 150 za kahawa ya maganda, yaani kavu isiyokobolewa, kila msimu, kwa bei ya chama siku anayolipwa. Mwaka uliotangulia alikuwa amepeleka kilo 900. Kwa hiyo ilikuwa sehemu moja ya sita. Maganda yalikuwa shilingi elfu moja na ushee kwa kilo. Ukiweka pamoja na fedha ya pikipiki, alibeba kama theluthi mbili za ile 710,000, na mimi theluthi moja pamoja na ndizi, maziwa na usiku.

Alijuaje kiasi cha kilo zake, na mimi nilijuaje? Kwa stakabadhi. Tangu mwaka 2018 serikali ilipoelekeza kahawa iuzwe kupitia vyama vya ushirika, mkulima wa Karagwe na Kyerwa anapima kwenye chama chake cha msingi, kahawa inakwenda KDCU, chama kikuu cha ushirika, na karatasi inabaki. Mengi yamesemwa kuhusu utaratibu huo na mimi sina haja ya kuyarudia. Ninachojua ni kwamba uliwapa watoto wa wilaya hizi mbili kitu ambacho hawakuwahi kuwa nacho: ushahidi wa kipato cha mkulima. Baba anayepeleka chama anaonekana. Baba anayeuza butura haonekani, na anayevusha magunia usiku kwenye mto Kagera kuelekea upande wa Uganda haonekani kabisa. Nimekaa na mama mmoja wa Murongo ambaye mumewe wa zamani alikuwa akija kikaoni na stakabadhi ya kilo arobaini, wakati kijiji kizima kinajua shamba lake. Hapo inabidi kuitazama mali badala ya karatasi. Sheria inasema kipato na mali. Hesabuni miti. Wazee wa enzi za mama walijua.

Mwaka wa kwanza wa makubaliano mapya alilipa miezi kumi kati ya kumi na miwili, na kilo zote 150. Sikusema neno. Niliandika tu, safu ya kushoto.

Lazima niseme pia kosa langu kubwa, kwa sababu nalikuta kila mahali ninapokwenda. Kabla ya 2019, kipindi kimoja alikuwa amekaa miezi mitatu bila kuleta kitu, akaja Jumapili kumchukua mtoto wakasalimie kwa bibi yake mzaa baba. Nilimwambia, "Hakuna hela, hakuna mtoto." Akaondoka. Mwanangu alikuwa ameshavaa shati la kanisani. Alikaa kwenye jiwe kando ya njia mpaka jioni, akisikiliza kila pikipiki inayopita kama ni yake. Sheria inampa mtoto haki ya kumwona mzazi asiyekaa naye, na haikuifunga haki hiyo kwenye malipo. Niliijua baadaye, darasani. Lakini nilichokifahamu siku ile nikiwa mlangoni hakikuhitaji darasa.

Kuna mambo yanayokwama ambayo hayahusu ubishi wa wazazi hata kidogo. Chukua kadi ya CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, iliyokuwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Ilikuwa msaada mkubwa. Sasa mtoto wa wazazi waliotengana ni wa kaya ipi? Baba anasema ameshamwandika kwake; kwake wako sita tayari na mtoto ni wa saba. Mama amerudi kwao na jina lake liko kwenye kadi ya kaka yake. Mtoto anaugua, kila upande unadhani mwenzake ana kadi. Ndiyo maana kwenye makubaliano ninayosaidia kuandika ninaweka mstari wake: kadi ya mtoto iko kwa nani, na nani anailipia.

Na kuna akina bibi. Ugonjwa wa ukimwi ulipogunduliwa nchini mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza walikuwa mkoani Kagera, na kwa miaka mingi iliyofuata bibi zetu walilea vizazi viwili. Kazi hiyo hawajaiacha. Siku hizi wanalea watoto ambao wazazi wao wako hai, mmoja Mwanza, mwingine Kahama. Bibi wa namna hiyo huwa hajui kwamba anaweza kudai. Anaweza. Ndugu anayemlea mtoto anaweza kuomba amri ya matunzo, na afisa ustawi pia. Tena anaweza kudai kwa wazazi wote wawili. Nilimsaidia baba mmoja wa Karagwe aliyebaki na watoto wawili baada ya mama yao kupata kazi mjini. Alikuja kwa siri, kama mtu anayetafuta dawa ya aibu. Alidhani matunzo ni deni la wanaume. Sheria haisemi hivyo. Mama yule alipopigiwa simu hakubisha hata dakika moja, alikuwa akisubiri tu mtu amtajie kiasi na namba ya kutumia.

Mwaka 2024 bei ilibadilisha kila kitu. Maganda yaliyokuwa elfu moja na ushee yalipita 4,000. Kilo zangu 150 zikawa zaidi ya 600,000. Baba wa mwanangu alinipigia simu kabla sijampigia. "Mama, mtoto hali kahawa," aliniambia. "Tulikubaliana kwa bei ya zamani." Nilimjibu kwamba bei ilipokuwa chini hakusema mtoto anakula kahawa kidogo. Tukanyamaza wote wawili kwenye simu.

Nililala na jambo lile. Nilikuwa na karatasi, nilikuwa na sahihi yake, na ningeweza kusimama pale. Lakini nilijua pia kwamba aliyekuwa anauza kilo 900 sasa anauza chini ya hapo, kwa sababu sehemu ya mikahawa imezeeka na mbolea imepanda, na kwamba wale wadogo zake mwanangu sasa wako shule. Kipimo kinachomlinda mtoto bei inaposhuka kinapaswa kumlinda mlipaji bei inaporuka, la sivyo mwaka unaofuata atauza butura na mimi nitabaki na karatasi.

Tulirudi Ustawi, tukamkuta afisa mwingine, binti mdogo aliyetuamkia shikamoo kabla hajafungua jalada. Mtoto alikuwa anamaliza darasa la saba. Tulihesabu Kidato cha Kwanza: sare mpya zote, godoro na sanduku la hosteli kwa sababu shule iko mbali, sabuni, nauli za kwenda na kurudi, michango. Ilifika 540,000 kabla ya kula. Mwenzangu aliitazama jumla, akasema mwenyewe kwamba kwa mwaka huu kilo zibaki 150. Baada ya hapo tukaandika ngazi: bei ikivuka 3,000, kilo ziwe 110, ikishuka chini ya 1,500, ziwe 200. Binti alituuliza kama tumewahi kuiona hesabu ya aina hiyo mahali. Hatukuwahi. Akatukumbusha kwamba makubaliano ya ofisini kwake siyo amri ya mahakama, na kwamba tukitaka yawe na nguvu hiyo tuyapeleke mbele ya hakimu. Safari hii tulikwenda, pamoja, kwenye pikipiki moja.

Amri hudumu mpaka mtoto afikishe miaka 18, na mahakama inaweza kuiongeza akiwa bado masomoni. Kwetu hiyo ni mwaka 2029, na kijana tayari anazungumzia chuo. Anajua daftari liko wapi. Likizo iliyopita nilimkuta amelifungua, anasoma kurasa za 2016, zile za upande mmoja. Nilitaka kumnyang'anya, nikaacha. Aliniuliza kwa nini miezi mingine haina kitu. Nikamweleza habari za maua ya kahawa na za Machi, na za yale ambayo mama yake hakuyaandika.

Septemba hii, malipo ya chama yakitoka, tutakaa tena. Nimeshaandika kichwa cha ukurasa, Kidato cha Pili, na nimeshachora mstari katikati.